Fundi na Kodiani ya Betri

Fundi alikuwa amefuata nta na gundi tu. Jumamosi ile jengo la maduka lilifurika watu hadi ngazi za umeme zikaonekana kuelemewa, naye alijipenyeza katikati yao na aproni yake ya kazini, mikono ina madoa, nywele amezifunga kwa kitambaa cha kijani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kodiani, vile vinanda vya kukumbatia kifuani na kuvuta kwa mikono miwili. Mjini humo aliyeijua kazi hiyo kumzidi alikuwa mmoja tu, baba yake, aliyemfundisha.

Karibu na lango kuu akasikia kodiani. Mara kodiani ileile ikageuka fidla, kisha tarumbeta. Akasimama.

Aliyekuwa akipiga ni muuzaji wa duka la ala za muziki la ghorofani, mwanamume mrefu wa miaka thelathini na ushee, shati la bluu limenyooshwa kwa pasi, viatu vinang'aa. Kifuani alivaa kodiani nyeusi ya kielektroniki. Aliwaeleza watu kwamba haipotezi sauti joto likibadilika, kwamba ni nyepesi, na kwamba ukivaa vipokea sauti masikioni utapiga saa yoyote utakayo na jirani asijue.

"Na huo mvukuto wa katikati, huo unaokunjuka na kukunjika, unavuta nini?" Fundi akauliza.

Muuzaji akacheka, akamvisha kodiani yenyewe ajionee. Fundi akaivuta, akaitegea sikio. Upepo uliingia na kutokea kwenye tundu dogo, na kifaa fulani ndani kikapima nguvu yake na kutoa sauti zilizorekodiwa. Kwenye zile alizozizoea, upepo hupita kwenye ndimi za chuma, na kila ulimi ukatetemeka kwa namna yake. Akapiga wimbo mfupi kwa vidole visivyo na wasiwasi, watu wakapiga makofi, akaivua.

"Ina sauti nzuri," akasema. "Ila inakumbuka tu. Haipumui."

"Na ya kwako ikipumua, inaweza kupiga tarumbeta?"

"Ya kwangu haioni haya kuwa kodiani."

Muuzaji akaomba namba ya simu kana kwamba anaandikisha mteja. Fundi akampa, akijiambia ni mambo ya kazi. Naye akaihifadhi namba ya muuzaji kwa jina la Betri.

Wiki haikuisha simu zikaanza. Betri alipiga asubuhi kuuliza kama fundi wake ameamka salama, na mchana kuuliza kama amekula. Fundi naye alizoea kumuuliza chaji imebaki kiasi gani, na yeye hujibu kwamba ni nusu, itajaa jioni wakionana. Akafika nyumbani kumsalimu baba yake, akaja karakana, akavua saa, akakunja mikono ya shati lake la gharama, akafundishwa kugandisha ndimi kwa nta ya moto. Aliungua kidole na hakulalamika. Fundi aliona hilo.

Walibishana kila siku na hakuna aliyechoka. Fundi alishikilia kwamba kodiani ya kweli mpigaji huisikia mbavuni kabla hajaisikia masikioni. Betri hakukataa, ila siku moja alimwambia kwa upole, "Mpenzi, unazungumza hivyo kwa sababu mabega yako ni mazima."

Fundi akainamia kazi yake. Baba yake alikuwa amepiga kodiani kwenye bendi za dansi kwa miaka thelathini, hadi bega lilipofanyiwa upasuaji na daktari akamkataza kubeba kitu kizito. Kodiani yake ilikuwa na kilo kumi na mbili. Fundi aliifungua yote, akaibadilishia ndimi, akaing'arisha, akaiweka rafuni ingojee bega lipone. Ulikuwa mwaka wa pili sasa, na nyumbani hakuna aliyelitaja bega hilo.

Alhamisi moja alirudi nyumbani akakuta rafu tupu. Baba alisema ameipeleka mahali, akaingia bafuni akafungua maji. Fundi akaenda dukani kwa Betri kutafuta ushauri. Mlangoni palikuwa na tangazo: Lete ya zamani, ondoka na mpya. Nyuma ya kioo cha chumba cha ndani, kodiani ya baba yake ilikuwa juu ya meza, nyaya zimeizunguka, na Betri ameinama juu yake.

Betri akainua kichwa. "Fundi, subiri nikueleze."

"Baba angeona haya kuniambia. Lakini wewe ungeniambia."

Akaondoka. Betri alipiga simu mara kumi na moja, kisha Fundi akaizima.

Siku ya tatu baba yake alimwita sebuleni. Kutoka kabatini akatoa kodiani nyeusi, ndogo, nyepesi. Akaeleza kwamba Betri alimwazima hiyo tangu mwezi uliopita, na kwamba huipiga Fundi akiwa karakana. Ile ya zamani haikubadilishwa na chochote. Aliipeleka ili sauti zake zirekodiwe moja moja na kutiwa ndani ya hii mpya. Betri alitaka Fundi aambiwe tangu mwanzo, akakataliwa mara tatu, mwisho akaapishwa.

"Niliogopa, mwanangu," akasema mzee. "Niliona ukiniona na hii utadhani nimeitupa kazi yako."

"Piga, baba."

Akapiga. Sauti ilikuwa ya dukani, lakini vidole vilikuwa vyake, na mdomo ulijikunja vilevile kama alipokuwa jukwaani. Fundi alilia kidogo, akanawa uso, akavaa gauni la njano, akatoka.

Alimkuta Betri mlangoni pa duka, ndevu zimeota, shati halijaona pasi.

"Nilikosea kukuhukumu," Fundi akamwambia. "Na wewe ulikosea kuninyamazia."

"Nilikosea. Sitarudia, hata mzee wako aniapishe kwa lugha zote."

Fundi akakubali, akaomba kusikia alichorekodi. Alisikiliza noti nne akavua vipokea sauti. Akamwambia mvukuto anauvuta kama mtu anayefungua droo iliyokwama. Akaketi mwenyewe, akaikumbatia kodiani ya baba yake, na mchana ule wote akavuta upepo polepole, noti baada ya noti, Betri akiwa upande wa pili wa meza akirekodi, wote wawili wamebana pumzi. Alihakikisha kila ulimi unasikika tangu unapoamka hadi unapotulia.

Katikati ya noti moja ya chini, Betri akasema, "Nataka kukuoa, Fundi. Niambie niende kwa baba yako lini."

Fundi hakukatisha upepo. Aliimaliza noti hadi mwisho, akaufunga mvukuto.

"Umeiharibu," akasema. "Zima hicho kinasa sauti. Jibu langu halitapigwa kwenye kinanda cha mtu."

Betri akazima.

"Ndiyo," Fundi akasema. "Kwa baba nenda kesho, na umpelekee sauti za kodiani yake zikiwa zimekamilika. Sasa washa, tuirudie ile. Bado noti tisa."