Mama Yangu Mzazi Nilimwita Jirani

Nina miaka kumi na tisa. Nilimaliza kidato cha nne Same mjini na matokeo yangu hayakunipeleka popote. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nilijibu nikiulizwa tu, na kwenye kwaya ya kanisani naimba sauti ya pili, nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna anayeniona. Mambo yangu huwa nayaandika kwenye daftari na kulificha chini ya godoro. Lakini hili limekataa kukaa chini ya godoro, ndugu wasomaji... Jina langu halisi naomba nisilitaje. Niiteni Namsifu.

Mama yangu alikuwa na duka mtaani kwetu. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo duka ndilo lililotulea. Mafuta ya kupima, sukari ya robo, dagaa, viberiti, sabuni ya kukata vipande. Juu ya mlango fundi aliandika kwa rangi nyekundu: Duka la Mama Namsifu. Mtaa mzima ulimwita mama yangu kwa jina langu. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Kilicholishika duka lisianguke ni mzigo wa mlimani. Mama amezaliwa Vudee, na wanawake aliokua nao walikuwa wanamteremshia maharage, ndizi na tangawizi kila siku ya gulio. Hawakumpelekea mtu mwingine. Maharage yale yanaiva upesi, na kule chini mjini mkaa ni ghali, hivyo watu walikuja kwa mama hata kutoka mitaa ya mbali. Mtu akija kwa maharage anaondoka na sabuni na chumvi. Ndivyo tulivyoishi.

Kisha supamaketi ikafunguliwa kando ya barabara kuu.

Mnaijua Same na jua lake na upepo wake wa vumbi. Basi mle ndani kulikuwa na ubaridi kama wa mlimani. Watu waliingia kupunga hewa tu, halafu wanaona aibu kutoka mikono mitupu, wananunua biskuti. Mama alikuwa akiwacheka. "Wamekwenda kununua upepo," anasema.

Haikupita muda wakabandika tangazo. Walitaka vijana waliomaliza shule kwa mafunzo ya vitendo. Miezi mitatu, bila malipo, hata nauli hakuna. Atakayefanya vizuri ataajiriwa. Nilirudi nyumbani nikikimbia, mimi ambaye hata mchakamchaka nilikuwa wa mwisho.

Mama alikuwa anapima dagaa. Akaniuliza, "Bila mshahara?"

Nikamwambia ni mafunzo.

"Kwa hiyo ni msaragambo," akasema, akacheka kidogo. "Sawa. Lakini msaragambo wetu una zamu, mwanangu. Leo kwangu, kesho kwako. Wao zamu yao ya kuja kwako ni lini?"

Kwa wasiotoka huku kwetu, msaragambo ni kazi ya pamoja ya Wapare. Mkiitwa, mnatoka wote na majembe, mnazibua mfereji, mnatengeneza barabara, mnamjengea mjane. Hakuna anayelipwa. Mnakula makande pamoja, mnarudi makwenu. Tumelelewa hivyo. Mtu akiomba nguvu zako, kumuuliza atakulipa nini ni utovu wa adabu. Nadhani ndiyo maana tulikuwa rahisi kukamatwa...

Meneja hakuwa mtu wa huku, lakini neno lile alilijifunza wiki ya kwanza. "Jamani, leo ni msaragambo," anasema, na sisi tunabaki kushusha mizigo ya lori mpaka giza. Nani amuulize? Tuliona hata tukisimama pale mlangoni kuaga tutaonekana wavivu.

Nilipewa tisheti yenye nembo na beji yenye jina. Ndugu zangu, ile tisheti ilinipa kichwa. Kwa mara ya kwanza watu waliniona. Wale waliokuwa wakinipita shuleni kama ukuta sasa walinisalimia. Nikaanza kuchukia harufu ya dukani kwetu, ya dagaa na mafuta ya taa. Nilioga asubuhi na jioni, na maji yenyewe kwetu mjini yalikuwa ya kununua kwa dumu. Mama ndiye aliyenunua hayo madumu, na hakunisema. Mwenzangu wa mafunzo, Rehema, alinitania, "Namsifu siku hizi unanukia kama rafu ya sabuni." Nilifurahi. Niliona nimesifiwa.

Sikumwambia mtu yeyote pale kwamba mama yangu ni muuza dagaa.

Siku moja mchana mama alikuja. Asubuhi nilikuwa nimeondoka bila kula, naye alinifuata na hotipoti ya makande. Alikuwa amevaa kanga yake ya dukani yenye madoa ya mafuta, na kandambili. Mlinzi akamzuia mlangoni, akamwambia chakula cha nje hakiingii. Mama akaniona kule ndani nikipanga sabuni. Akatabasamu, akaonyesha kwa kidole: yule pale.

Meneja aligeuka kunitazama. Rehema na wenzake nao wakageuka. Rehema akanong'ona, "Mh, huyo mama ananukia dagaa hadi huku."

Meneja akaniuliza, "Unamfahamu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno fupi tu. Lakini nilihisi macho yote yale, na mdomo wangu ukasema, "Ni mama wa jirani tu."

Nilisema kwa sauti. Mimi ambaye nikiongea watu huniambia rudia, siku hiyo nilisikika vizuri hadi mlangoni.

Mama alishusha kidole chake. Kisha akaniambia kwa upole, kama anavyosema na wateja, "Samahani, dada. Nilikuwa namtafuta mwanangu. Naona nimekosea mahali." Akageuka, akaenda na hotipoti yake.

Niliporudi jioni hotipoti ilikuwa mezani. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba. Akaniambia, "Kula. Yamepoa." Bora angenipiga. Nilikula makande yale ya baridi huku machozi yakidondokea humohumo, lakini sikuomba msamaha. Niliona aibu kuomba msamaha! Hivi kuna ujinga kuliko huo?

Mngedhani nilijifunza. Sikujifunza.

Baada ya wiki chache meneja alituita. Alisema wateja wanaulizia maharage ya mlimani, na kwamba kuna kiduka fulani mtaani ndicho kinayapata. Akauliza nani kati yetu anatoka huko juu. Nikanyoosha mkono. Maisha yangu yote ya shule sikuwahi kunyoosha mkono bila kuitwa... siku hiyo nilinyoosha. Alisema akiniangalia mimi, kwamba nafasi ya ajira iko moja na anaanza kuona ni ya nani.

Tulipanda Vudee kwa pikapu. Niliwapeleka moja kwa moja kwa Mama Nanzia, rafiki wa mama tangu utoto, ambaye mimi mwenyewe amenibeba mgongoni. Aliwaita wenzake. Meneja akaongea, nami nikawa natafsiri kwa Kipare. Alisema huu ni msaragambo wa kuwasaidia vijana, kwamba wakimpa mzigo watoto wao nao watapata kazi. Mimi nikaongeza utamu kuliko alivyosema mwenyewe.

Mama Nanzia akanitazama, akaniuliza kwa Kipare, "Na mama yako? Anajua?"

Nikamjibu, "Yeye ndiye amenituma."

Basi. Alipakia gunia la kwanza yeye mwenyewe.

Siku ya gulio iliyofuata mama aliamka mapema kama kawaida. Alifagia mbele ya duka, akatandika turubai, akaning'iniza mizani. Akakaa kwenye kigoda kungoja. Jua likapanda. Hakuja mtu. Akasema, "Labda mvua imekata barabara." Mvua ilikuwa haijanyesha, hata wingu halikuwepo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, najua maharage yako wapi. Nikavaa tisheti yangu nikaenda kazini, na kazi niliyopewa siku hiyo ilikuwa kuyafunga yaleyale maharage kwenye mifuko midogo na kubandika bei.

Duka halikuanguka siku moja. Kwanza waliacha kuja wa maharage, halafu wa sabuni. Dagaa wakaingia wadudu. Mama aliuza friji, kisha mizani. Mwenye fremu tuliyopangia duka akaitaka fremu yake. Fundi mwingine akapaka rangi juu ya jina langu, lakini rangi yake ilikuwa nyepesi, ukipita mchana bado unaliona.

Na wale wanawake? Supamaketi ilipopata lori kutoka mbali lenye maharage ya bei ya chini, walianza kuambiwa mzigo wao una mawe, ndizi zao zina madoa. Siku moja walishusha ndizi mlango wa nyuma, wakaachwa juani hadi alasiri. Meneja akanituma mimi. "Wewe unajua lugha yao. Waambie waondoe takataka zao." Nikaenda nikawaambia, kwa Kipare. Mama Nanzia alichukua kanga yake akafunika ndizi zisipigwe na jua, kana kwamba bado zina pa kwenda.

Mafunzo yalipoisha tulipewa karatasi ya kutambua ushiriki wetu, tukaambiwa turudishe tisheti zikiwa zimefuliwa. Nilimuuliza meneja habari ya ile nafasi. Akasema tuendelee kuomba. Wiki iliyofuata nilipita nje, nikaona vijana wengine wapya wanashusha lori. Tisheti ni zilezile. Rehema alinitumia ujumbe: "Kumbe tulikuwa punda." Nikaandika jibu, nikalifuta.

Kisha wanawake wa Vudee wakaja nyumbani. Mama aliwakaribisha, akatafuta vigoda. Hawakukaa. Mama Nanzia akasema, "Mama Namsifu, sisi tumekukosea nini? Ulimtuma mtoto kwetu, tukakuamini. Ulitutuma kwa watu gani wale?"

Mama alikuwa hajui lolote. Niliona uso wake ukihesabu mambo, taratibu, hadi akafika kwangu. Nilikuwa nimeegemea mlango wa chumbani. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua akifungua mdomo tu, mimi nimekwisha, na Vudee sitakanyaga tena.

Mama akageuzia uso ukutani. Akasema, "Ni kweli. Nilimtuma mimi. Nisameheni, jamani."

Waliondoka bila kunywa hata maji. Nilipiga magoti sakafuni nikalia, nikamuuliza kwa nini amesema vile. Alikuwa anarudisha vigoda mahali pake. Akaniambia, "Ulitaka niseme nini, dada? Kwamba sikufahamu?"

Hadi leo nikilala nalisikia swali hilo.

Sasa tunaishi Vudee, kwenye nyumba aliyoacha bibi. Mama analima. Kila msaragambo anakwenda, na kwa muda mrefu alikuwa anazibua mfereji peke yake upande mmoja, wenzake upande mwingine. Walimsalimia, lakini hawakukaa naye kula. Alibeba aibu yangu mgongoni pamoja na jembe, na mimi nilikuwa nikimtazama.

Juzi nilishindwa. Tulikuwa kwenye msaragambo wa mfereji, tumekaa kula makande. Nikasimama. Sauti ikatoka ndogo, na mtu mmoja akasema, "Hatukusikii." Nikarudia. Nikasema mama hakunituma. Nikasema nilidanganya. Nikasema na ile ya jirani pia, ambayo hawakuwa wakiijua.

Mama Nanzia akapuliza makande yake, akasema, "Ya kutumwa tuliyajua, mwanetu. Mama yako hawezi kudanganya, siku ile alikuwa anaongea na ukuta. Tulikuwa tunawangoja. Wewe useme, au yeye akuseme." Akajisogeza, akampisha mama kwenye gogo alilokalia. "Haya kaa ule." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ukimaliza, kule chini kwenye matope ni kwako." Wakacheka.

Wadogo zangu mnaomaliza shule, nawaomba. Nendeni mkajifunze kazi, mimi siwakatazi. Lakini mkiombwa nguvu zenu bure, ulizeni zamu yenu ni lini, wala msione aibu kuuliza. Kazi isiyo na zamu si msaragambo, hata waiite hivyo. Na asije mtu akawavisha nguo yake mkamsahau aliyewavisha ya kwanza. Tisheti mtairudisha. Neno mlilomwambia mama yenu halirudi.

Tulipokuwa tunamalizia kula, mama alininyooshea mkono bila kunitazama. "Dada, hebu nipe chumvi."

Wote wakacheka, wakadhani ni utani tu. Nilimpa chumvi. Akaipokea, na vidole vyake vikakaa juu ya vyangu kidogo kabla hajavitoa. Bado hajaniita kwa jina langu, ambalo ndilo lake pia. Nangoja.