Mvua ya Chini ya Mparachichi

Wakati wa kipupwe, kijiji cha Chome huamka ndani ya ukungu. Ukungu hushuka kutoka msitu wa mlima Shengena, hupita juu ya migomba, kisha hukaa kwenye nyua za watu. Dorkas huwasha moto, huinjika makande, halafu hutoka nje kuutazama mlima.

Kwa miaka mingi, mtu wa kuulizwa habari za mvua alikuwa yeye. Mzee Eliufoo, mwangalizi wa ndiva, alisimama kwake kila asubuhi. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa na Wapare wa zamani. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku. Asubuhi ndiva hufunguliwa, maji yakaenda mashambani kwa zamu. Mvua ikinyesha vya kutosha, Eliufoo hafungui. Huyatunza maji kwa siku za ukame.

"Mama Rodgers, mlima unasemaje leo?" alikuwa akiuliza, akimwita Dorkas kwa jina la mwanawe.

"Shikamoo, mzee. Unasema wingu hilo ni la kupita tu. Fungua."

Mara nyingi Dorkas alikuwa sahihi. Eliufoo aliitikia, akaendelea na safari yake. Dorkas alirudi jikoni akitembea kama mtu aliyevaa kitenge kipya.

Halafu Devotha akaletewa mashine.

Devotha alikuwa wifi yake, dada wa mume wake Sifael. Mume wa Devotha alikuwa amefariki, naye aliishi peke yake jirani na Dorkas. Binti yake, Victoria, alifanya kazi Same mjini. Alipokuja likizo alimletea mama yake kituo kidogo cha hali ya hewa. Kilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilisimama nje juu ya bomba. Ilikuwa na kikombe cha kupokea mvua, vikombe vidogo vilivyozungushwa na upepo, mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi, na kipimajoto ndani ya visahani vyeupe. Ya pili ilikuwa kioo kilichokaa mezani. Namba zilitoka nje zikafika kwenye kioo bila waya, kama redio inavyopokea sauti.

Tangu siku hiyo Eliufoo alipita kwa Dorkas bila kusimama.

"Unaona?" Dorkas alimwambia mumewe. "Amekwenda kwa dada yako kutazama televisheni ya mawingu."

"Si amekusalimia?"

"Amenisalimia huku miguu inatembea. Hiyo ni salamu?"

Sifael alicheka. Dorkas hakucheka. Siku hiyo makande hayakuwa na chumvi. Kesho yake pia hayakuwa na chumvi. Sifael alivumilia. Mwishowe akauza mbuzi, akapanda gari kwenda Same. Jioni alirudi na boksi.

"Haya, mama Rodgers. Nawe una ya kwako. Wamesema tusome kwanza hii karatasi ya maelekezo."

"Karatasi itangoja. Ya Devotha ameiweka wapi?"

"Katikati ya majani ya ng'ombe, penye uwazi."

"Huko nani anaiona?" Dorkas alitazama huku na huku. "Panda juu ya bati la jiko. Watu wakienda kanisani waione."

"Lakini pale kuna matawi ya mparachichi."

"Matawi yanakula mashine?"

Sifael alipanda. Alikifunga kifaa juu ya bati, chini ya matawi mazito ya mparachichi wa zamani. Kilionekana vizuri sana kutoka barabarani.

Devotha alikuja na ndizi mbivu kwenye ungo.

"Hongera, wifi. Sasa tumekuwa wawili. Ila pale juu, wifi, naona kama—"

"Kila mtu na kwake, wifi," Dorkas alimkatiza. "Mimi sijaja kukupangia ya kwako."

Devotha aliweka ndizi kwenye kigoda, akaenda zake.

Mchana, jua lilipotokeza, kioo cha Dorkas kilionyesha joto la nyuzi thelathini na tisa.

"Thelathini na tisa!" alisema Sifael. "Mbona mimi nimevaa sweta?"

"Umri, mume wangu. Damu imepoa. Mashine haina umri."

Wiki iliyofuata ukungu ulikuwa mzito. Ilikuwa zamu ya Devotha kupata maji. Maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua, na wakati huo maharage hayataki kiu. Watu walikusanyika penye ndiva na majembe yao. Ardhi ilikuwa na unyevu kwa juu.

"Jana usiku mvua ilikuwa kiasi gani?" Eliufoo aliuliza.

"Kwangu sufuri," alisema Devotha. "Ni ukungu tu, mzee."

"Kwangu milimita tisa!" alisema Dorkas kwa sauti. "Nimeona kwa macho yangu kwenye kioo."

Eliufoo alikuna kichwa. "Sufuri na tisa? Wakati nyumba zenu zinaombana moto?"

Dorkas alijua wifi yake si mwongo. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama yeye, kama zamani. Wivu ukamfungua kinywa.

"Mwenye zamu lazima aseme sufuri," alisema. "Anataka maji."

Watu waliguna. Mmoja alicheka. Devotha alichukua jembe lake, akageuka. Eliufoo aliogopa kuonekana ana upendeleo, kwa hiyo ndiva haikufunguliwa. Zamu ya Devotha iliporudi, kioo cha Dorkas kilisema milimita saba. Ndiva haikufunguliwa tena.

Jumapili, akielekea kanisani, Dorkas alipita kando ya shamba la Devotha. Maua meupe ya maharage yalikuwa yamedondoka chini. Majani yalikuwa yamejikunja. Dorkas aliinama, akachimba kwa kidole. Juu palikuwa na unyevu. Chini kidogo palikuwa na vumbi.

Hakumwambia mtu. Lakini wakati wa nyimbo hakuimba.

Kesho yake alfajiri alitoka kuchukua kuni. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Alisikia sauti juu ya bati la jiko: to, to, to. Alisimama katikati ya uwanja, akanyoosha mikono. Hapakuwa na mvua. Alirudi chini ya mparachichi. To, to, to. Ukungu ulikuwa unanata kwenye majani, unageuka kuwa matone, na matone yanaanguka ndani ya kikombe chake cha mvua. Alikimbilia ndani. Namba kwenye kioo ilikuwa inaongezeka.

Dorkas aliketi. Alifikiri kunyamaza. Nani angejua? Kisha akayakumbuka yale maua.

Alichukua makopo mawili matupu, yenye midomo sawa. Moja alilipachika kwenye tawi, chini ya majani. La pili aliliweka katikati ya uwanja. Makande yalipochemka, aliyafuata makopo. La chini ya mti lilikuwa na maji. La uwanjani lilikuwa na unyevu tu ukingoni.

Aliyabeba yote mawili hadi kwa Devotha.

"Wifi," alisema mlangoni, "nimekuja na aibu yangu kwenye makopo."

Devotha aliyatazama. Alielewa mara moja.

"Hili lilikuwa chini ya mti."

"Ulijua?"

"Nilitaka kukuambia siku ile ya ndizi."

"Nikakufunga mdomo. Na pale ndiva nikakuita mwongo." Dorkas aliweka makopo chini. "Wifi, nilikuonea wivu. Zamani Eliufoo alikuwa anasimama kwangu."

Devotha alisema polepole, "Mimi nimekuonea wivu miaka yote hii. Jioni nasikia wewe na kaka mnagombana kuhusu chumvi, natamani na mimi niwe na wa kugombana naye. Tangu mume wangu azikwe, hodi hapa zilikwisha. Mashine hii ndiyo iliyoleta watu uani kwangu. Ulipofunga ya kwako, nilisema basi, wataacha tena kuja."

Wote wawili walijifuta macho kwa ncha za khanga.

"Twende ndiva," alisema Dorkas. "Nataka waone."

Penye ndiva Dorkas aliinua makopo mbele ya watu.

"Hili lilikaa chini ya mparachichi wangu. Hili lilikaa uwanjani. Milimita tisa nilizowaambia ni za mparachichi. Devotha alisema kweli."

Eliufoo alichungulia kopo moja, kisha la pili. "Kumbe tumeongozwa na mti! Basi mparachichi huo uingie kwenye kamati ya ndiva."

Watu walicheka sana. Dorkas naye alicheka, ingawa uso ulimwaka kwa aibu.

"Leo ni zamu yangu," alisema. "Maji yaende kwa Devotha. Na zamu yangu inayofuata pia."

"Na maharage yako, wifi?" Devotha alinong'ona.

"Ya kwangu yatangoja. Yako nimeyanyima zamu mbili."

Jioni Sifael alikishusha kifaa. Safari hii Devotha aliongoza, na Dorkas alisikiliza.

"Tafuta penye uwazi," alisema Devotha. "Mti ukiwa mrefu, kaa mbali nao, walau mara mbili ya urefu wake. Hivyo matone yake hayafiki, wala hauzuii mvua na upepo."

"Na lile joto la thelathini na tisa?" Sifael aliuliza.

"Lile lilikuwa joto la bati na moto wa jiko. Kipimajoto kinataka joto la hewa. Kiweke kwenye kimo cha mtu, juu ya nyasi. Mimi mwanzoni nilikiweka ukutani, upande wa jua. Victoria alinicheka hadi akakaa chini."

"Kwa hiyo damu yangu haijapoa," alisema Sifael. Dorkas alimtupia ganda la ndizi.

Walichimba shimo, wakasimamisha bomba, wakalishindilia kwa mawe. Devotha aliwaonyesha kiputo kidogo cha hewa kwenye kijichupa cha maji juu ya kifaa. Walinyoosha bomba mpaka kiputo kikakaa katikati ya duara, maana kikombe kikiinama hakipimi sawasawa. Waliigeuza alama ya kaskazini ielekee kaskazini, ili upepo wa Shengena usisomeke kama upepo wa tambarare. Kioo walikihamisha karibu na dirisha, kwa sababu ukuta mnene wa mawe hudhoofisha mawasiliano yasiyo na waya.

"Kila wiki chungulia kikombe," Devotha aliongeza. "Jani moja likiziba tundu, mashine itasema hakuna mvua hata ikinyesha. Betri zikiisha, weka mpya. Na hiki kijipicha cha wingu kwenye kioo ni makisio tu. Kwa habari za kesho sikiliza utabiri wa redioni."

"Na mlima?"

"Na mlima, wifi. Huo mimi sijui kuusoma. Utanifundisha."

Siku chache baadaye, zamu ya Dorkas iliporudi, ukungu ulishuka tena. Dorkas aliamka, akawahi dirishani. Kioo kilisema sufuri. Hakuwahi kufurahia sufuri namna ile.

Nje, Eliufoo alikuwa amesimama. Devotha alikuwa pamoja naye, jembe begani.

"Mama Rodgers," alisema mzee, "kwa Devotha ni sufuri. Kwako je?"

"Shikamoo, mzee. Sufuri. Na mlima unasema ukungu huu utaondoka mapema, jua litakuwa kali. Fungua."

Maji yalishuka kwenye mfereji, yakapita kando ya shamba la Dorkas bila kuingia, yakaenda kwa Devotha. Maharage yake yalitoa maua mapya. Hayakuwa mengi kama ya kwanza, lakini yalishika, na alivuna.

Mvua ya kweli ilipokuja, wifi wawili walilinganisha namba zao jikoni kwa Dorkas.

"Kwangu kumi na nne," alisema Devotha.

"Kwangu kumi na moja." Dorkas alikunja uso. "Yaani hata mvua inakupenda wewe?"

"Mimi nimekaa juu kidogo, upande wa msitu, wifi. Mawingu yananifikia kwanza."

Dorkas aliguna. Wivu ulikuwepo bado, mdogo, kama jiwe ndani ya kiatu. Aliyaonja makande, akaongeza chumvi, kisha akampakulia wifi yake kwanza.