Kidole Ndani ya Chombo cha Kioo

Mimi sikuwepo, na nashukuru. Aliyenisimulia ni rafiki yangu, fundi wa vipimo vya ndege, na si mtu wa porojo.

Mchana huo alikuwa amebadilisha mpira wa mfuniko wa chombo cha majaribio, kile cha kioo kinachonyonywa hewa ili kipimo cha mwinuko kilicho ndani kidhani kiko angani. Akafuta uso wa kipimo ukang'aa, akakiweka ndani, akafunga, akawasha pampu. Haujapita muda, umeme ukakatika. Karakana ile haina dirisha. Giza totoro, pampu kimya.

Ndipo akasikia: tk, tk. Hivyo ndivyo mafundi wanavyogonga uso wa kipimo kwa ncha ya kidole, ili mshale usikwame.

“Shemeji, acha utani wako!”

“Utani gani?” Shemeji, fundi mwenzake, alijibu kutoka nje, kwenye jenereta. “Subiri, nawasha.”

Tk, tk. Karibu naye kabisa.

Taa zikawaka. Mfuniko ulikuwa umekaza vilevile. Ndani, mshale ulikuwa bado unatetemeka, na kwenye uso alioufuta palikuwa na alama ya kidole, yenye unyevu, ikikauka taratibu.