Uzi Mwekundu Kwenye Kikombe

Natega, nanyi tegueni. Ni chembamba kama unywele, hakina mikono, lakini kimemfunga mtu mzima kitandani. Msijibu haraka. Sikilizeni kwanza.

Palikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Pindo, maana pindo zake zilinyooka kama zimepigwa rula. Asubuhi mwanga ukimwagika juu ya vitambaa, cherehani ikinong'ona dirishani, mama mkwe wake huuliza kutoka jikoni, akitia sukari kwenye chai, "Vijiko vingapi leo?"

"Viwili, mama. Cha tatu kiingie kwa bahati mbaya."

Wakacheka, siku ikaanza.

Kisha kikohozi kikaja, kikakaa. Hospitali wakasema kifua kikuu, wakampa dawa za miezi sita. Miezi miwili alimeza bila kukosa, na vipimo vikaonyesha hawezi tena kuambukiza. Alirudi nyumbani na habari hiyo akitabasamu. Akakuta mshikio wa kikombe chake umefungwa uzi mwekundu, uliokatwa kwenye kibonge cha uzi wake mwenyewe wa kushonea.

"Ni alama tu," mama mkwe alisema, macho sakafuni. "Tusichanganye vyombo."

Kesho yake mteja akachukua gauni lake kwa ncha za vidole. "Hili umelishona kabla ya kuumwa, au baada?"

Pindo akafunika cherehani. Akawa analala mchana, na usingizini uzi ule ulitoka kikombeni, ukapita chini ya mlango, ukazunguka miguu ya kitanda, kisha ukamzunguka yeye, taratibu, bila kuuma. Baadaye aliuona hata akiwa macho. Kila asubuhi sauti iliuliza nyuma ya mlango, "Vijiko vingapi?"  Chai ikapoa kizingitini.

Siku moja mama mkwe aliingia kutafuta kifungo cha blauzi. Akafunua kopo la vifungo la Pindo.

"Vifungo gani hivi, havina matundu?" Akakiweka kimoja kiganjani, akakigeuza.  "Mwanangu, hizi si dawa zako?"

"Sikuona anayengoja nipone," Pindo aliuambia ukuta.

 Mama mkwe alimvalisha viatu kama mtoto, akamshika mkono, wakakatiza mtaa mzima hadi kliniki, watu wakitazama. Nesi akampima upya, akamwanzishia tena dawa, akamkutanisha na mshauri wa afya ya akili. Kisha, aliposikia habari ya uzi, akamgeukia mama mkwe.

"Mama, ugonjwa huu hupita kwenye hewa, si kwenye kikombe. Uzi ule ulimkinga nani?"

Nyumbani, mama mkwe alichukua mkasi wa cherehani, akaukata uzi, akamimina chai kwenye kikombe kile kile, akainywa mbele ya Pindo. Kisha akauliza swali lake la siku zote. Pindo akajifunika shuka. Wiki nzima aliuliza, safari hii akiwa ameketi kando ya kitanda.

FUNZO

Kitendawili mmeshakitegua, najua. Ndugu zangu, mgonjwa tukimtenga, tunamwongezea ugonjwa wa pili, nao haukohoi wala hauonekani kwenye vipimo. Fuateni maagizo ya daktari. Mkiogopa, ulizeni hospitali kabla ya kufunga alama. Na aliyenyamaza, msichoke kumuuliza.

Maana asubuhi ya nane dirisha lilikuwa wazi, mwanga umefika hadi kwenye shuka.

"Vijiko vingapi leo?"

Pindo alikitazama kikombe, mshikio wake mtupu.

"Viwili, mama," alisema polepole. "Cha tatu kiingie kwa bahati mbaya."