Jina Lilitoka, Mimi Nikabaki

Wasomaji wenzangu, mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa mkulima wa viazi katika kijiji kimoja cha milimani, juu kidogo ya jiji la Mbeya. Jina langu ni Tusekile, nyumbani wananiita Tuse. Nasoma shahada ya biashara katika chuo kimoja cha Iringa. Haya ninayoyaandika sijawahi kumsimulia mtu bila kukwama katikati... Leo wacha nijaribu kufika mwisho.

Chuo chetu hupata nafasi mbili maalum kwa sisi wanafunzi wa biashara wa shahada ya kwanza. Ukichaguliwa, unakwenda kusoma muhula mzima Ulaya, unakaa kwenye makampuni ya kule na kuona wenzetu wanavyofanya kazi. Ukirudi, kila mwajiri anakutolea macho. Kwanza wanaangalia matokeo yako ya darasani, halafu wanakuita kwenye usaili ukaeleze wazo la biashara. Wazo lako mwenyewe! Walilisisitiza hilo mpaka tukachoka kulisikia.

Wazo langu lilikuwa vitunguu. Likizo nzima nilikaa kwa shangazi yangu Ruaha Mbuyuni nikizunguka mashambani. Niliona jinsi wakulima wanavyovuna wote kwa mpigo, madalali wanakuja na bei zao za dharau, na asiyeuza leo kesho vinamwozea mkononi. Nikabuni mpango wa maghala ya pamoja yanayopitisha hewa, ili watu wauze kwa zamu. Jua la kule lilinichoma hadi shangazi akanitania kuwa sasa nimeiva. Sikujali. Nililipenda wazo lile!

Chumbani nilikuwa naishi na Faraja, msichana wa Igowole kule Mufindi. Tulikula sahani moja, tulivaliana nguo, nikiumwa ananipikia uji. Naye aliomba nafasi ile. Wiki ya mwisho kabla ya usaili nilimwomba ajifanye jopo ili mimi nijieleze mbele yake. Nikikosea ananirekebisha, nikipatia anapiga makofi. Kumbe mwenzangu alikuwa anakariri!

Lakini nimeruka mbele. Kabla ya usaili kulikuwa na ile simu.

Orodha ya kwanza ilipobandikwa, jina langu lilikuwamo. Kwa furaha nikampigia baba nikamwambia, "Baba, jina langu limetoka!" Nilimaanisha limetoka la kuitwa kwenye usaili. Ila nani asiyejua neno hilo kwa mzazi wa Kitanzania lina uzito gani? Majina ya kidato cha kwanza yakitoka, mtoto ananunuliwa sare. Ya kidato cha tano yakitoka, mtoto anafunga sanduku. Jina likishatoka, limetoka! Baba alipiga yowe, akakata simu, akaenda moja kwa moja kwa mchungaji.

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Jumapili ile ile ilitangazwa usharika mzima kwamba binti yao anakwenda Ulaya.

Nilikwenda nyumbani kwa mapumziko mafupi nikakuta turubai limefungwa uani, kwaya imevaa sare, wanawake wanakaanga nyama. Nikamvuta baba pembeni nikamwambia bado kuna usaili. Akacheka.

"Usaili wa nini tena, gwe Tuse? Jina si limetoka?"

Nikajaribu kwa mama, akasema nisianze kujitia mkosi. Nikawekewa mikono, nikaombewa, nikavishwa vitenge. Mwisho akaja Bibi, mama yake baba, aliyenilea tangu naachishwa ziwa. Akachukua maji mdomoni, akanipulizia kifuani, kama wazee wa kwetu wanavyobariki safari. Akaniambia niende, nisiangalie nyuma. Kwetu mtu akishaagwa hivyo hesabu amekwenda. Humkuti tena kesho yake anachota maji bombani!

Nikarudi Iringa na mzigo huo. Usaili ukafanyika kwa kufuata herufi za majina. Faraja akaingia asubuhi, mimi Tusekile nikaingia mchana. Nilipotaja vitunguu tu, mwalimu mmoja wa jopo akavua miwani.

"Binti, habari hii ya Ruaha Mbuyuni tumeshaisikia leo. Na wewe umeitoa wapi?"

Nikasema ni yangu. Wakatazamana. Wakaniuliza, mbona mwenzangu ameieleza vizuri namna ile? Ningejibu nini? Kwamba nimemfundisha mwenyewe, wiki nzima, tukiwa tumekaa kitanda kimoja? Nilitoka pale naonekana mwizi wa mali yangu mwenyewe!

Nilimkuta Faraja chumbani anakunja nguo. Nilimuuliza kwa nini. Hakukana hata kidogo. "Tuse, usinichukie," alisema. "Mimi sikuwa na wazo, na wewe unayo mengi. Utapata mwakani." Eti mwakani! Mwakani tunamaliza chuo!

Matokeo yakatoka, akachaguliwa yeye na kijana mmoja wa darasa letu. Nikajifungia bafuni nikampigia baba nimwambie ukweli wote. Naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo... Baba akaniwahi.

"Mwe, Tuse! Umepiga wakati mzuri. Mchungaji yuko hapa, na wazee wote wako hapa. Nimekuweka kwenye spika. Haya waambie, safari lini?"

Nikasikia watu wanakohoa, wanasogea karibu na simu. Nikasikia na sauti ya Bibi inauliza kama nimepata sweta.

Nikasema, "Wiki ijayo."

Maneno mawili tu, ndugu zangu. Ndiyo yaliyofunga mlango!

Faraja akapanda ndege. Sisi tuliobaki tukapangiwa mafunzo kwa vitendo, yale tunayoyaita fildi. Na mimi, kati ya mahali pote Nyanda za Juu Kusini, nikapangiwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga Rujewa. Rujewa! Ukipanda basi asubuhi, mchana uko Mbeya. Wanunuzi wa mchele kutoka kwetu wamejaa pale kila siku. Nikawa nazunguka nimejifunga kanga kichwani hadi puani. Waliouliza niliwaambia nakwepa vumbi la pumba. Kila gari lenye watu wa Mbeya likiingia, nakimbilia nyuma ya magunia.

Nyumbani walikuwa wananipigia kwa intaneti kupitia simu ya tachi ya mdogo wangu Sekela. Kabla ya kupokea ilinibidi nikimbie mbali na mashine, maana Ulaya gani ina mlio wa mashine ya mpunga na ng'ombe wanaolia? Nilijifungia chumbani, madirisha nimeyafunga, jasho linanitiririka kwa joto la bonde hilo la Usangu, huku mama ananiuliza baridi imenizidi?

Wakaanza kutaka picha. Nitazitoa wapi? Nilizichukua kwenye status za Faraja. Ndiyo, za Faraja! Barabara yenye theluji, kituo cha treni, dirisha la maktaba. Nilichagua zisizo na watu nikazituma. Sekela aliniambia baba anazunguka na simu yake kanisani kuwaonyesha watu theluji. Kila asubuhi ilinibidi nimsubiri aliyeniibia aamke, apige picha, nami nipate cha kula! Mnaona kifungo hicho? Nilimchukia, na bila yeye nisingeweza kuishi hata siku moja.

Mara nyingi nilijiapiza kwamba leo nasema. Kisha mama ananieleza jinsi wasichana wa kijijini wanavyosoma kwa bidii ili wawe kama mimi... Basi naahirisha hadi kesho.

Ikafika wakati simu za nyumbani zikawa fupi. Nikimuulizia Bibi, naambiwa amelala, au yuko shambani, au amekwenda kwa jirani. Niliona ajabu kidogo, ila mwenye uongo wake huwa haulizi sana. Nilishukuru kuwa maswali yamepungua.

Siku moja nikiwa kwenye mizani, pikapu ikaingia uani. Sikupata muda wa kukimbia. Akashuka baba mdogo, mdogo wake baba, wa tumbo moja! Nikavuta kanga, nikainamisha kichwa. Akamsogelea mama mwenye mashine akamwomba ampe mchele mzuri.

"Ni wa msibani, mama. Tumefiwa na mama yetu mzazi, tunazika leo jioni."

Mama yao mzazi... Wana mama wangapi? Mwenye mashine akampa pole, kisha akaniambia, "Dada, mpimie."

Nikampimia. Wasomaji, nilipima mchele wa msiba wa bibi yangu kwa mikono yangu, baba mdogo amesimama karibu yangu kiasi cha kumgusa. Akasema, "Asante, binti." Nilitaka kuvua kanga. Nilitaka kumwambia, baba mdogo, shikamoo, ni mimi... Mkono haukunyanyuka! Pikapu ikawashwa, ikaondoka na mchele wake. Mama mwenye mashine akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia pumba zimeniingia machoni.

Kesho yake nikapanda basi la kwanza. Sikubeba begi wala sikubadili nguo. Kumzika nilishachelewa, lakini nilikata shauri kwamba leo liwalo na liwe.

Nilipoingia uani, wanawake walionitambua waliangua kilio. Na mnajua walisema nini? "Amekuja! Mtoto amepanda ndege kuja kumlilia bibi yake!" Wakanikumbatia, wakanifuta vumbi wakidhani ni la safari ndefu. Mchungaji akasimama, akaanza kumshukuru Mungu aliyenivusha bahari salama. Baba akanishika mkono huku machozi yanamtoka.

"Tulikuficha, mwanangu. Tulisema tusikuvurugie masomo. Nani amekwambia?"

Yaani nimekuja kuutoa uongo, wenyewe wanaukaribisha na kuupa kiti! Ningenyamaza tu, ningebaki shujaa. Na ninyi mngenilaumu?

Nikasema, "Baba, sijatoka Ulaya. Nimetoka Rujewa. Sikwenda popote. Niko Rujewa tangu mwanzo."

Mchungaji akafumbua macho katikati ya sala. Baba mdogo akanitazama usoni, akaitazama kanga yangu, akakaa chini mwenyewe. Nilisubiri baba anipige. Nilitamani anipige! Hakunipiga. Aliniachia mkono taratibu, akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa.

"Rujewa hii?"

"Ndiyo, baba."

"Bibi yako alikuwa anakuita, Tuse. Tangu alipolala kitandani anakuita wewe tu. Tukawa tunamwambia uko mbali, haiwezekani... Rujewa! Tungetuma hata pikipiki."

Hadi leo tukikutana ananiitikia shikamoo yangu, anauliza afya, basi. Ile simu yenye picha za theluji alimrudishia Sekela siku hiyo hiyo na hajaishika tena.

Faraja alirudi na cheti chake, akanitumia ujumbe wa pole. Sikumjibu. Aliniibia safari, na sitasema hakunikosea. Ila Bibi kufa akiniita, na mimi niko mwendo wa basi moja... hilo Faraja hakulifanya.

Wadogo zangu mnaosoma, ombeni nafasi hizo, ni nzuri, zinafungua maisha. Wazo lako lisiende kwa mtu kabla hujalifikisha wewe. Na siku utakayopiga simu nyumbani, sema yote: baba, jina limetoka, lakini bado sijachaguliwa. Wakikuelewa vibaya, wasahihishe hapo hapo, hata kama wako kwenye spika, hata kama mchungaji anasikia, hata kama nyama imeshakaangwa. Watakuonea aibu, watakasirika, watakuzomea wiki mbili. Lakini Bibi akiita, utaitika.