Jiko la Laki Sita

Kila siku akirudi kutoka shule, Kidoti alifanya mambo yake kwa mpangilio uleule. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia bibi aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akafua soksi, kisha akaketi sakafuni kumsaidia mama kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare mpya za shule. Mama yake alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni na iliimba tangu asubuhi mpaka jioni. Jina la Kidoti lilitokana na alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake, chini kidogo ya jicho la kushoto.

Mwezi huo iliongezeka kazi nyingine: kuwafungulia wageni mlango.

"Hodi! Hapa ndipo kwenye lile jiko la kwenye runinga?"

Safari hii alikuwa mwanamke mnene mwenye kapu la mboga. Mama alisimamisha cherehani, akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Karibu, dada," alisema kwa sauti ya mtu aliyesema neno hilo mara elfu.

"Nachungulia tu, sikai."

Wote walisema hawakai, na wote walikaa. Mwanamke yule alipapasa vigae, akafungua kabati moja baada ya jingine, akasimama katikati ya jiko mikono kiunoni. "Yaani haya yote kwa laki sita! Na mafundi wa huku kwetu wanavyotunyonya!" Kisha akamgeukia bibi. "Na wewe mama, ulilia kwelikweli siku ile. Mimi na mume wangu tulilia na wewe."

"Lilikuwa vumbi la saruji, mwanangu," bibi akajibu.

Mgeni akacheka, akidhani ni utani.

Alipoondoka, mama aliegemea ukuta. "Huyu ni wa nne leo. Sijamaliza hata kola moja."

Kipindi chenyewe kiliitwa Siku Tano Tu. Kila Jumapili kilionyesha nyumba ya familia moja ikikarabatiwa kwa siku tano, na mwishoni namba kubwa ya manjano ilijaa kwenye kioo: gharama yote. Watu waliipenda namba hiyo kuliko nyumba. Walibishana juu yake dukani, kwenye vyumba vya walimu, na kwenye simu. Wengine waliandika, "Uongo mtupu, hela hiyo haitoshi hata mlango." Wengine waliwajibu, "Mkiambiwa ukweli mnakataa. Mafundi wenu ndio wezi." Kidoti aliyasoma maoni hayo kwenye simu ya mama mpaka macho yakamuuma.

Ilipofika zamu ya jiko lao, aliyetangaza gharama hakuwa mtangazaji. Alikuwa Kidoti. Mtayarishaji, mama mmoja mwembamba mwenye miwani mikubwa, alimwinamia akamfundisha maneno: "Siku tano tu, laki sita tu, na jiko letu limezaliwa upya!" Aliyasema mara saba ndipo mpiga picha akaridhika.

Kidoti alijua hazikuwa siku tano. Zilikuwa wiki tatu. Wiki tatu walipika kwenye jiko la mkaa uani, wakala wamechuchumaa, na bibi akakohoa usiku kucha. Mafundi walikuwa kumi na mmoja. Vigae, sinki na makabati vilitolewa bure na maduka yaliyotaka vitu vyao vionekane kwenye runinga. Mama alipouliza, mtayarishaji alimjibu bila kuona haya, "Laki sita ni rangi, mapazia na taa, mama. Mengine hatuyahesabu. Na tafadhali, yabaki humu ndani. Watazamaji wamechoka na shida zao, hawataki kuziona na huku."

Basi wakanyamaza. Mtu akikupa jiko, utaanza vipi kumkosoa?

Shuleni, rafiki mkubwa wa Kidoti alikuwa msichana waliyemwita Mrefu, kwa sababu alimpita hata mwalimu wao wa hesabu. Baba yake alikuwa mwokaji mikate. Siku moja Mrefu alikuja darasani anatembea kama bibi harusi.

"Baba ameamua," alisema. "Amechukua laki sita alizokuwa anaweka akiba ya kununulia tanuri. Anabomoa jiko letu, anajenga kama lenu. Alikiona kipindi chako mara tatu!"

"Laki sita?" Kidoti aliuliza.

"Si ndizo mlizotumia?"

Kengele ikalia. Kidoti akajiambia kwamba kengele imemzuia kujibu.

Wiki mbili baadaye Mrefu alikuwa anasinzia kwenye dawati kuanzia kipindi cha kwanza. Sare yake ilikuwa na vumbi, na mapumziko alikula mkate mkavu peke yake. Kidoti alimsogelea.

"Unaumwa?"

"Siumwi, nimechoka tu." Mrefu alipiga miayo. "Jiko halina bati wala ukuta wa nyuma. Jana mvua imenyesha, tumekesha tunachota maji na ndoo. Mama hasemi na baba. Halafu fundi anasema hela imeisha. Baba anasema ametuibia. Leo jioni anaitiwa mwenyekiti wa mtaa."

"Fundi gani?"

"Yule mzee mwashi mwenye baiskeli nyekundu."

Kidoti alimfahamu. Watu wote walimfahamu. Alikuwa mzee mpole ambaye mikono yake ilipasuka kwa saruji kama udongo wa kiangazi, na aliyependa kuwatania watoto kwamba atawajengea shule isiyo na mlango wa kuingilia mwalimu.

Jioni hiyo alimsindikiza Mrefu nyumbani. Jiko la mwokaji lilikuwa kama mdomo uliong'olewa meno. Matofali yalilala kwenye tope. Masufuria yalikuwa chini ya meza, yamefunikwa kwa mfuko wa saruji. Katikati ya vifusi walisimama watu watatu: mwokaji, mwenyekiti wa mtaa, na mwashi, ambaye alishika daftari lililolowana.

"Mwenyekiti, kila kitu kimo humu," mwashi alisema taratibu. "Saruji, mchanga, nondo, mbao. Tangu siku ya kwanza nilimwambia mzee hapa, laki sita hazimalizi jiko. Akaniambia nisimtanie."

"Kwa nini nikuamini wewe niache kuamini macho yangu?" mwokaji alifoka. Naye alikuwa hoi. Alianza kazi saa tisa kila alfajiri, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto. Alitoa simu, akaibonyeza, akaiinua juu.

Kutoka kwenye simu ikasikika sauti ya Kidoti mwenyewe, nyembamba na yenye furaha: "Siku tano tu, laki sita tu, na jiko letu limezaliwa upya!"

Kidoti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Na mwenyewe huyu hapa!" mwokaji akasema alipomwona. "Njoo, mwanangu. Shahidi amejileta. Waambie. Jiko lenu liligharimu kiasi gani?"

Wote wakamgeukia. Mwashi alimtazama tu. Kidoti alimkumbuka mama mwenye miwani mikubwa. Alifikiria makabati yao, akamfikiria mama yake akiulizwa kwa nini amemwachia mtoto aropoke.

"Laki sita," alisema. Sauti ilitoka ndogo kama ya mbu.

"Umesikia?" mwokaji alimwambia mwenyekiti.

Mwashi alifunga daftari lake. Alikusanya mwiko, nyundo na pima maji, akavifunga kwenye gunia, akalining'iniza kwenye baiskeli. "Miaka thelathini na mbili," alisema, kama anajiambia mwenyewe. "Sijawahi kuitwa mwizi." Akaikokota baiskeli, hakuipanda.

Nyumbani Kidoti hakugusa chakula. Mama alidhani ana homa, akamgusa paji la uso.

"Mama, nimemfanya fundi aitwe mwizi," Kidoti alisema, na machozi yakamtoka. Alieleza yote, toka Mrefu alivyosinzia darasani mpaka neno lile la mwisho.

Mama alivuta kigoda, akaketi. Mkasi ulikuwa bado mkononi mwake. Mabega yake yalishuka.

"Nilikuwa naomba jambo hili lipite tu," alisema hatimaye. "Nilisema, watazamaji watachoka, watahamia nyumba nyingine, na sisi tutapumzika. Sikufikiri kwamba kuna mtu atabomoa ukuta wake."

"Nimekosa mimi, mama."

"Umekosa wewe, na nimekosa mimi kabla yako. Nilikuwepo unafundishwa maneno yale, nikatabasamu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kesho ukitoka shule tutakwenda pamoja. Kusema utasema wewe. Mimi nitakuwa nyuma yako."

"Na wakija kutunyang'anya makabati?"

"Waje," bibi alidakia kutoka kwenye kiti chake. "Lile la juu mlango unaanguka kila ukiufungua. Nitawapa na mimi mkono wa kubebea."

Mama akacheka bila kutaka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka.

Siku ya pili walianzia kwa mwashi. Walimkuta amekaa kizingitini, gunia la vifaa bado limefungwa. Mama alimwamkia na kumwomba awafuate kwa mwokaji. Mzee alisita. "Huko nimeshatukanwa ya kutosha, mama." Lakini alipomtazama Kidoti usoni, akainuka. Mama akampitia na mwenyekiti wa mtaa.

Mwokaji aliwapokea mlangoni bila kuwakaribisha. Mrefu alikuwa nyuma yake na ndoo mkononi.

"Shikamoo, baba," Kidoti alisema. Alihisi mkono wa mama mgongoni. "Jana nilisema uongo. Jiko letu halikujengwa kwa laki sita. Wala siku tano hazikuwa tano. Zilikuwa wiki tatu, na mafundi walikuwa kumi na mmoja. Vigae na sinki na makabati tulipewa na maduka. Hizo laki sita zilikuwa za rangi na mapazia na taa. Yale maneno nilifundishwa, lakini jana hakuna aliyenifundisha. Jana niliyasema mwenyewe. Fundi hakuiba."

Tone la maji lilianguka kutoka kwenye boriti likalia kwenye sufuria.

Mwokaji aliegemea fremu ya mlango. "Nilikitazama mara tatu," alisema. "Nikaandika kila kitu kwenye karatasi." Kisha akamgeukia mwashi, na ilionekana wazi kwamba maneno yanamwelemea. "Mzee wangu, nimekukosea. Mbele ya watu nilikuita mwizi, na mbele ya watu naomba unisamehe."

"Tangu jana wateja wananipita barabarani kama hawanijui," mwashi alisema. "Wawili wamevunja kazi. Msamaha nimeupokea, lakini hao utawaambia wewe mwenyewe, nyumba kwa nyumba."

"Nitawaambia. Mwenyekiti ni shahidi."

Wakaingia wote jikoni. Mwashi alifungua daftari, safari hii mwokaji akavaa miwani akasoma kila mstari. Vigae vilifutwa kwenye orodha. Makabati ya kioo yalifutwa. Iliamuliwa bati na ukuta vitangulie, na lipu isubiri mpaka mikate ya miezi miwili iuzwe. "Halitakuwa jiko la runinga," mwashi alisema.

"Liwe la kupikia tu, inanitosha," mama yake Mrefu alijibu kutoka uani. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku tatu.

Mama yake Kidoti naye alimpigia simu mtayarishaji, akamwambia kwamba kila atakayeuliza bei ataambiwa ukweli. Mtayarishaji alifoka, kisha akakata simu. Makabati hayakuchukuliwa. Lakini shuleni mambo hayakuwa rahisi. Baadhi ya watoto walimwita Kidoti "muongo wa runinga," na kwenye simu mtu mmoja asiyemjua aliandika kwamba mtoto yule anastahili kuchapwa. Kidoti alirudi nyumbani siku kadhaa kichwa kikiwa chini. Mrefu alinuna siku nne. Siku ya tano alimkatia kipande cha mkate, akakisukuma juu ya dawati bila kumtazama.

Baada ya miezi miwili, Jumamosi moja, Kidoti alikwenda kwa kina Mrefu kusaidia kuchekecha mchanga. Bati lilikuwa limeshapigwa. Mwashi alikuwa juu ya jukwaa la mbao anapiga lipu, taratibu, mkono mmoja umeshika mwiko na mwingine umeshika kiuno kwa maumivu.

"Babu fundi," Kidoti aliita. "Bado umenikasirikia?"

Mzee alishuka, akaketi juu ya tofali, akajifuta jasho. "Nimechoka, mjukuu wangu. Kuchoka na kukasirika ni vitu viwili." Alimwonyesha mikono yake iliyopasuka. "Sikiliza. Mtu mzima anaweza kukupa maneno ya kusema. Akakupa na zawadi juu yake. Lakini yakishatoka mdomoni mwako yanakuwa yako, na yakimuumiza mtu ni wewe utakayekwenda kuyarekebisha, yeye hayupo. Kwa hiyo ukipewa maneno, yapime kwanza. Yakiwa si ya kweli, yakatae, hata kama anayekupa ana miwani mikubwa na kamera. Na ukiona kazi ya mtu inasemwa ni ya siku tano na ya bei ya bure, jiulize nani ambaye hakuhesabiwa. Kila ukuta una mgongo wa mtu uliouma."

"Nimesikia, babu."

"Haya. Na huo mchanga wako una mawe, chekecha upya."

Kidoti alicheka, akainama, akaushika wavu wa kuchekechea upande mmoja. Mrefu akaushika upande wa pili, wakaanza tena.