Marahaba ya Thuwein

Jumatano, saa nne asubuhi. Naif, Dubai.

"Kesho hatujuani," alisema Thuwein. "Mkinikuta ngomeni, mimi Mwarabu wa Maskati, nimekuja kutazama mawe. Kiswahili sikijui. Hakuna salamu, hakuna kukonyezana. Tumefahamiana?"

"Naam, ami," alisema Sufyan.

"Hiyo naam yako ndiyo inayonitia khofu."

Walicheka, ila Jovia.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mabegi la Thuwein, kimeshindiliwa marobota yanayongoja kwenda Mombasa na Dar. Wanne hao walikaa juu ya marobota, magoti yakigusana. Thuwein alikuwa Mzanzibari wa miaka hamsini na minane, thelathini kaimalizia Dubai. Maneno ya asali, kanzu safi, na moyo mkavu kama dagaa wa mwaka jana. Hashir, wa Mombasa, dereva, mdomo haufungi. Sufyan, wa Wete, fundi funguo wa kichochoroni hapo hapo Naif. Huyu alilelewa na bibi yake, na bibi alimfunza kuwa mkubwa hapitwi bila kuamkiwa, hata awe mwehu. Wa nne alikuwa Jovia, Mganda, mlinzi wa ngome yenyewe. Bila Jovia hakuna kazi.

Thuwein alichora juu ya kipande cha boksi.

"Hatta. Milimani. Ngome ya Sidra. Zamani masultani walichinjana humu kweli. Leo wanachinjana kwa mshahara, mbele ya kamera, watu wapate cha kutazama Ramadhani. Asubuhi wageni wanakata tiketi, wanaona kiti cha sultani, wanaona wanaoigiza. Hapa ofisi. Ndani ya ofisi, sefu. Ndani ya sefu, jambia."

Jambia la babu wa mwenye ngome. Ala ya dhahabu, mpini wa pembe ya kifaru. Sultani wa tamthilia hulivaa kiunoni, akimaliza linarudi ndani. Kesho sultani yuko gerezani kapinduliwa, kwa hiyo halivai.

"Sema ya kimya," Thuwein alimwambia Jovia.

"Mwongozaji akisema kimya, khalas," alisema Jovia. "Redio tunazima. Lango tunafunga. Hakuna mtu anatembea. Hata karani anatoka ofisini kwenda kumwangalia yule staa."

"Dakika ngapi?"

"Nne. Tano, staa akisahau maneno. Na huwa anasahau."

"Buda, hapo tumewamaliza!" alisema Hashir.

"Nyamaza wewe. Sufyan, ufunguo?"

Sufyan aliutoa mfukoni. Jovia alikuwa ameugandamiza ule wa asili wa sefu kwenye kipande cha sabuni, na Sufyan akauchonga. Siku mbili hizi alikwishaingia ngomeni kama mwigizaji. Kuna wakala anayekusanya Waafrika kila asubuhi, anawavisha magunia na minyororo ya plastiki, wanacheza watumwa wa sultani. Ndiyo kazi waliyoonekana wanaiweza. Watumwa hawavai viatu, na mtu asiye na viatu hasikiki.

"Unatoka ofisini, unapita mlango mwembamba nyuma ya wageni," alisema Thuwein. "Mimi nimesimama hapo, begi la kamera wazi. Unatumbukiza. Unapita. Neno halitoki."

"Na paspoti yangu?" aliuliza Jovia.

Hapo ndipo palipokuwa na roho yake. Kampuni iliyomleta ilifungia paspoti za wafanyakazi wote kwenye sefu ile ile. Mama yake Jovia alifariki Masaka miezi miwili iliyopita. Mama huyo ndiye aliyekuwa akimlea Rosette, binti wa Jovia mwenye miaka sita. Sasa mtoto yuko kwa jirani, na jirani alipiga simu wiki jana kusema hamtaki tena. Jovia alikwenda kwa arbab wake, tajiri aliyemwajiri, akalia. Arbab akamwambia subiri msimu wa pili wa tamthilia uishe, inshallah. Jovia hakuwa na haja ya dhahabu ya mtu. Alitaka kijitabu chake tu, apande ndege, amchukue mwanawe.

"Paspoti zote au hakuna," alisema Thuwein. "Ukichukua moja, umeandika jina lako ukutani. Sufyan, umesikia?"

"Naam, ami."

"Na wewe Jovia, baada ya kazi unabaki kazini mpaka zamu iishe. Hashir atakufuata saa nane. Usikimbie. Anayekimbia ndiye mwizi."

Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi. Hatta.

Hashir aliegesha gari jeupe la kukodi chini ya kilima. Thuwein alishuka na kanzu ya Kiomani, kofia ya kudarizi, miwani myeusi, begi la kamera begani. Alikata tiketi kwa Kiarabu, akatania na mkata tiketi, akapanda ngazi za mawe pole pole.

Ngome ilikuwa imevishwa bendera za uongo. Ukuta wa kweli wa miaka mia tano ulikuwa umepakwa rangi ili uonekane wa kale zaidi. Wageni ishirini hivi walipiga picha na kiti cha sultani, ambacho kilikuwa cha mbao laini kilichonyunyiziwa rangi ya dhahabu. Jovia alisimama kivulini na sare yake ya kilinzi, koti la mikono mirefu, jasho likimtiririka mgongoni. Thuwein alipita mbele yake kama anavyopita nguzo.

Kwenye pembe ya ua, watumwa kumi walikuwa wamekaa chini wanagawana maji. Sufyan alikuwa wa mwisho. Hakula tangu jana.

Saa tano kasoro dakika tatu.

"Kimya!"

Redio zikazimwa, lango likafungwa. Karani wa ofisi alitoka kwa ncha za vidole, simu mkononi, akajipenyeza kumwona staa. Kwenye dirisha la gereza, sultani alianza kuongea kwa mnong'ono na mkewe aliyeko nje. Fundi wa sauti alifumba macho, vipokea sauti masikioni, mti mrefu wenye maikrofoni ukaning'inia juu ya ua. Nzi akiruka angesikika.

Sufyan hakuwapo tena pembeni.

Dakika ya kwanza, mlango wa ofisi, karani kauacha wazi. Dakika ya pili, ufunguo ukaingia kwenye sefu, ukagoma. Aliutoa, akaupaka mate, akaurudisha. Ukazunguka. Jambia lilikuwa limelala ndani ya kitambaa chekundu. Alilichomeka kiunoni chini ya gunia. Paspoti zilikuwa chini, mafungu manne, yamefungwa kwa mipira. Nyingi mno. Gunia lile lisingebeba hata robo yake. Vipi mtu aseme zote? Yule mzee hakufikiria, au hakujali. Sufyan alipekua fungu lenye karatasi ya walinzi. Akaiona picha ya Jovia. Akachomoa moja.

Dakika ya nne. Sultani alisahau maneno, akaanza upya.

Sufyan alipenya kwenye mlango mwembamba. Thuwein alikuwa pale, begi wazi, anatazama mbele. Mlango ulikuwa wa zamani, wa kupita mtu mmoja. Ikabidi wakabiliane uso kwa uso, kifua kwa kifua, kijana na mzee wa kutosha kuwa babake. Mkono wa Sufyan ulikuwa kiunoni tayari. Mdomo wake haukungoja amri. Miaka ishirini na sita umefunzwa kazi moja, ukaifanya.

"Shikamoo, ami."

Na mdomo wa Thuwein, nao umezeeka na kazi yake.

"Marahaba."

Yallah! Maneno mawili. Ungeyapiga rungu yasingelia zaidi ya hapo.

Fundi wa sauti alifumbua macho. Mwongozaji akatupa karatasi chini. Wageni wote wakageuka, na mkono wa Sufyan ukabaki pale pale kiunoni, mtupu.

Saa tano na dakika tatu.

Meneja wa ngome aliitwa Ghada. Mama mtu mzima, abaya nyeusi, mwenyeji wa pale pale Dubai, ila bibi yake mzaa mama alizaliwa Unguja na akafa akiota kwa Kiswahili. Alivaa vile vipokea sauti, akasikiliza mara mbili. Kisha akaja mlangoni.

"Nani kasema shikamoo?" aliuliza kwa Kiswahili.

Macho yake yalishuka kwenye begi la Thuwein. "Samahani, mzee wangu," alisema kwa Kiarabu. "Naomba nilione."

Thuwein alilipanua. Halikuwa na kamera wala lenzi, lilikuwa tupu. Ghada alinyanyua nyusi.

Hapo Thuwein alipaswa kusema kamera iko garini. Yangeisha. Lakini mtu akishikwa na woga hutupa kilicho karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa Sufyan.

"Mimi nimesema marhaba, binti yangu," alisema kwa Kiarabu kizito cha Maskati. "Huyu mtumwa wenu kanisemesha lugha nisiyoijua. Na nimemwona anatoka kule ofisini. Ningekuwa wewe ningempekua."

Sufyan hakujua Kiarabu kingi. Cha madrasa kilimtosha kuelewa kidole kilichonyooshwa. Alimtazama Thuwein kama mtoto aliyepigwa kofi msikitini.

"Jovia," alisema Ghada. "Mkague."

Kawaida mwanamume hukaguliwa na mwanamume. Lakini redio zilikuwa zimezimwa, Nasifu, mlinzi wa kiume, yuko langoni, na Jovia yuko hatua tatu. Alizipiga hizo hatua.

Alimpapasa mabega, mbavu, kiuno. Jambia. Baridi, gumu. Na pembeni ya jambia, ubavuni, kitu chembamba chenye kona. Kidole chake kilikitambua kabla ya akili. Alikuwa akikiota kila usiku.

"Chukua yako, dada," alinong'ona Sufyan bila kutikisa midomo. "Haraka."

Mgongo wake ulikuwa umewaziba wote. Kijitabu kiliteleza ndani ya mkono wa koti la Jovia. Sasa yalibaki maneno mawili tu: hana kitu. Angeyasema, huenda wote wangetoka. Au huenda Nasifu angeitwa, apekue tena, kisha aulizwe Jovia kwa nini aliwadanganya, na akivuliwa koti lake je? Akilini alimwona Rosette amekaa kwenye ngazi ya jirani na mfuko wake wa nguo.

"Anacho, madam," alisema Jovia, na akalichomoa jambia.

Sufyan hakuwa ametarajia hilo.

Saa tano na robo.

Kulikuwa na kelele, walinzi wakikimbia, mwongozaji akilaani, kamera moja haijazimwa. Thuwein alitoka na wageni, anatikisa kichwa kwa masikitiko kama wenzake. Na Jovia, ambaye aliambiwa asikimbie, alikimbia. Alipita lango la nyuma, akateremka mawe, akajitupa kiti cha nyuma cha gari.

"Nilikwambia ubaki kazini!" Thuwein alifoka. "Hashir, twende! Twende!"

"Sufyan je?" Hashir aliuliza.

"Endesha!"

Gari lilipinda pinda milimani. Jovia alitoa paspoti, akaifungua. Ni yake. Picha yake, jina lake. Aliibusu, akalia kwa sauti.

Thuwein aligeuka. "Alichukua ngapi?"

"Yangu tu."

"Moja?"

"Moja, mzee."

Thuwein alivua miwani. "Saa hii hii yule mwanamke anahesabu. Akimaliza, jina moja halipo. Na mwenye jina hilo kakimbia kazini. Polisi wanakutafuta wewe, na wewe umo ndani ya gari langu." Alionyesha kituo cha petroli mbele. "Simamisha hapo."

"Mzee, tafadhali. Uwanja wa ndege tu. Nina mtoto."

"Kila mtu ana mtoto. Shuka."

Hashir alisimamisha. Hakumtazama kwenye kioo. "Pole, sista," alisema. Ndiyo siku pekee aliyosema maneno machache.

Jovia alishuka.

Saa tisa alasiri. Kituo cha polisi.

Alikamatwa ndani ya duka la kituo cha petroli, ananunua laini ya simu ampigie jirani. Sasa paspoti ilikuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki, mbele ya afisa. Ghada alikuwa pembeni, akitafsiri.

"Anauliza paspoti hii ya nani," alisema Ghada.

"Yangu."

"Anauliza umemwibia nani."

Jovia alimtazama afisa, akamtazama Ghada. "Mimi mwenyewe," alisema. Ghada aliinama, ndipo akatafsiri.

Kisha Ghada alitoa simu, akaiweka mezani. Sauti ya sultani ilinong'ona. Halafu, wazi kabisa: Shikamoo, ami. Marahaba.

"Mwarabu husema marhaba, anaimeza," alisema Ghada. "Huyu kaitandaza kama mkeka. Bibi yangu alikuwa akijibu hivyo hivyo. Yule kijana ameulizwa tangu saa sita, anasema hamjui. Amekataa katakata kumtaja. Wewe unamjua?"

Jovia alifikiri kidogo sana.

"Thuwein," alisema. "Ana duka la mabegi, Naif."

Saa kumi na mbili, jua linazama.

Waliwaweka kwenye benchi moja la korido, Jovia na Sufyan, pingu mikononi, askari katikati. Sufyan bado alikuwa na gunia la utumwa. Kuna aliyempa ndara.

Mlango ukafunguliwa. Thuwein aliingizwa, kofia imepotea, nywele nyeupe zimesimama. Nyuma yake Hashir, analia waziwazi. Walipopita mbele ya benchi, Thuwein alipunguza mwendo. Alimtazama Sufyan, akangoja. Wallahi aliingoja shikamoo. Mdomo wake ulikuwa umekwishajikunja kwa kujibu.

Sufyan aliangalia ndara zake. Hakumwamkia.

Jovia hakuwa na uso wa kumtazama kijana yule. Alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe dogo, linatia aibu.

"Dada," alisema Sufyan. "Paspoti, ulifika nayo wapi?"

"Kituo cha petroli. Kile cha kwanza, ukitoka mlimani."

Sufyan alifikiri, kama anayepima njia.

"Basi si haba," alisema. "Angalau uliishika."

Ndani ya ofisi, afisa aliichukua paspoti na plastiki yake, akaiweka kwenye sefu, akafunga.